Homa Yatafuta Jina: Kutoka Unguja hadi Kagera

Unguja, 1870

Mwaka 1870 homa iliingia mji wa Unguja na kuwaangusha watu nyumba kwa nyumba. Mtu alishikwa ghafla, mwili ukawaka, kichwa kikagonga, viungo vikakaza hata kuinuka kitandani ikawa kazi. Vipele vilitoka na joto likashuka baada ya siku chache, ila maumivu ya vifundo na magoti yaling'ang'ania kwa wiki nyingi. Waliokufa walikuwa wachache. Wenyeji hawakubabaika kuutafutia ugonjwa jina. Waliuita kidinga pepo, na wazee walikumbuka kwamba uliwahi kupita hapo mwaka 1823.

Daktari James Christie, tabibu wa Sultani, aliyaandika hayo na kuyachapisha Uingereza mwaka 1872. Ugonjwa ukahesabiwa kuwa dengue, na ukabaki dengue kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alizifukua kumbukumbu zile na kuona jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: dengue kwa kawaida haiachi vifundo vikiuma muda mrefu hivyo baada ya homa kuondoka. Inayofanya hivyo ni chikungunya. Wagonjwa wa Unguja walikuwa wameeleza ugonjwa wao sawasawa, na Christie aliwasikiliza vizuri. Kilichokosekana ni chombo cha kuthibitisha. Leo matangazo ya afya yanaiita dengue kidingapopo, kwa hiyo jina la zamani limeishia kwa jirani asiyestahili.

Mikasa ya namna hii imejaa katika historia ya homa Afrika Mashariki. Kila zama zilikuwa na chombo chao cha kupimia, na homa ilipewa jina la kile ambacho chombo hicho kiliweza kuonyesha. Kilichobaki nje ya uwezo wake kilivalishwa jina la mwingine, kikapewa dawa ya mwingine.

Kipima joto na hadubini, 1866–1905

Kabla ya 1866 homa ilipimwa kwa kiganja cha mkono. Vipima joto vilikuwepo, lakini vilikuwa virefu kama futi moja na vilitaka dakika ishirini kwapani. Daktari mwenye wodi nzima hakuwa na subira hiyo. Mnamo 1866 daktari wa Leeds, Clifford Allbutt, alibuni kipima joto kifupi cha inchi sita kinachosoma ndani ya dakika tano. Miaka miwili baadaye Carl Wunderlich wa Leipzig alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Humo aliweka nyuzi 37 kuwa joto la mtu mzima wa afya, akaonyesha kwamba joto la kila ugonjwa lina mwendo wake: jingine hupanda ngazi kwa ngazi, jingine hupanda na kuporomoka siku hiyo hiyo. Tangu hapo homa ikaacha kuhesabiwa kuwa ugonjwa, ikawa dalili inayodai maelezo.

Maelezo yakaja kwa kasi. Mwaka 1880, huko Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran aliona vimelea hai vikijipinda katika damu ya askari mwenye malaria. Mwaka huo huo Karl Eberth alieleza bakteria wa homa ya matumbo. Mwaka 1887 David Bruce alimpata bakteria wa homa iliyokuwa ikiwatesa wanajeshi wa Uingereza kisiwani Malta. Fernand Widal alitangaza kipimo chake cha homa ya matumbo huko Paris mwaka 1896, na Ronald Ross akaona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, nchini India. Yote hayo ndani ya miaka kumi na saba.

Kisa cha Malta kinastahili kuongezewa kidogo. Bruce alimjua bakteria lakini hakujua anakotoka, na ilipita miaka kumi na minane kabla ya daktari wa kisiwani humo, Themistocles Zammit, kupima damu ya mbuzi na kugundua mwaka 1905 kwamba mbuzi wanaoonekana wazima ndio wanaoubeba. Askari walikuwa wakiupata kwenye maziwa mabichi. Ugonjwa huo ndio tunaouita brusela, na utarudi tena mbele katika habari hii, safari hiyo Kilimanjaro.

Pwani yetu ilipata mgeni mkubwa mwaka 1897, Robert Koch, aliyefika Dar es Salaam akiwa tayari na sifa ya kumgundua bakteria wa kifua kikuu. Alichunguza malaria, na akatoa rai iliyowaudhi wengi: homa ya mkojo mweusi iliyokuwa ikiwaua Wazungu ilisababishwa na dawa ya malaria yenyewe, kwinini. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali. Hata hivyo kwa daktari wa kawaida wa wakati huo mambo yalibaki rahisi: alikuwa na hadubini, alikuwa na kwinini, na homa alizikuta nyingi. Iliyopanda na kushuka aliiita malaria.

Koch alirudi mwaka 1905 kuchunguza homa moja iliyopanda na kushuka kwelikweli. Wapagazi na wasafiri wa njia za misafara walikuwa wakilala katika vibanda vya njiani, na humo, kwenye nyufa za sakafu ya udongo, waliishi papasi. Papasi hutoka usiku, hunyonya na kurudi mafichoni, na aliyeumwa huamka bila kujua. Baada ya siku kadhaa hushikwa na homa kali, ambayo hukatika na kumpa matumaini, kisha hurudi. Wenyeji walijua tangu zamani kwamba papasi huleta homa, na Livingstone aliandika mwaka 1857 juu ya madhara ya kuumwa naye. Koch alikuta katika damu ya wagonjwa vijidudu vyembamba vilivyojisokota, akavikuta ndani ya papasi, na hata ndani ya mayai yake. Ndiyo maana kibanda kilichohamwa kwa muda mrefu bado kiliweza kumdhuru mgeni. Wakati huo huo upande wa Kongo, Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakifikia majibu yaleyale. Dutton aliambukizwa akiwa kazini na akafa Februari 1905 huko Kasongo, mji uliokuwa ngome ya Tippu Tip.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba homa ya papasi haikuhitaji chombo kipya. Kioo kilekile cha damu kilichoandaliwa kwa ajili ya malaria kingeweza kumwonyesha kidudu wa papasi, mradi anayetazama awe na sababu ya kumtafuta.

Kondoo, nyani na watu waliopinda, 1930–1962

Karne ya ishirini ilipofika katikati, homa nyingine zilianza kujitokeza, na mara nyingi zilionekana kwanza kwa wanyama. Katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, miaka ya 1930 na 1931, wana-kondoo walikufa kwa wingi na kondoo wenye mimba wakatoa. Robert Daubney na wenzake wa maabara ya mifugo ya Kabete walikitenga kirusi na kuuita ugonjwa homa ya Bonde la Ufa. Watafiti wenyewe walishikwa na homa walipokuwa wakishughulika na mizoga. Bila kondoo wale, homa ya wachungaji ingeendelea kuitwa malaria kwa miaka mingine mingi.

Mwaka 1936 taasisi ya Rockefeller ya Marekani ilifungua kituo cha utafiti Entebbe, Uganda, kwa kazi moja: kutafuta homa ya manjano. Mtego uliotegewa homa ya manjano ukawanasa wengine. Mwaka 1937 damu ya mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile ilitoa kirusi kipya, na kikapewa jina la wilaya hiyo. Mwaka 1947 nyani aliyewekwa kwenye jukwaa katika msitu wa Zika alipatwa na homa, na damu yake ikatoa kirusi ambacho dunia haikukijali sana hadi kilipoibuka Amerika ya Kusini karibu miaka sabini baadaye.

Kisha ikaja Newala. Mwishoni mwa 1952 na kuingia 1953, vijiji vya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, vilipigwa na homa iliyowaacha watu wamejikunja kwa maumivu, na Wamakonde wakaiita kwa neno lao lenye maana hiyo hiyo: chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza kwa kina katika makala za 1955, na kirusi chenyewe kikatengwa na R. W. Ross kutokana na damu ya wagonjwa. Chanzo cha mlipuko kilieleweka kutokana na namna watu walivyoishi. Uwanda ule hauna maji. Watu walishuka mabondeni kuteka na kuyahifadhi ndani ya nyumba, na katika vyombo hivyo mbu aina ya Aedes walizaliana kama vile kitandani pa mtu. Miaka hamsini na mmoja baadaye, 2004, hali hiyohiyo ilijirudia Lamu: ukame, maji ya kuhifadhi, na homa iliyodhaniwa mwanzoni kuwa malaria. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa chikungunya. Kutoka pwani ya Kenya ilivuka hadi Komoro, kisha Réunion, ambako theluthi ya wakazi waliugua.

Newala haikuwa peke yake. Mwaka 1959, kaskazini mwa Uganda, Waacholi walipatwa na homa ya viungo waliyoiita o'nyong-nyong. Ilisambaa hadi Kenya na Tanganyika na kugusa watu wapatao milioni mbili kufikia 1962. Ilibebwa na mbu walewale wa malaria, Anopheles, kana kwamba kuwachanganya madaktari hakujatosha.

Hizi homa mbili zilipata majina yao vijijini kabla hazijafika maabara. Wagonjwa walikuwa wa kwanza kusema kwamba hii si ile tuliyoizoea.

Wiki moja hospitalini na vidonge vya klorokwini, 1961–2000

Mwaka 1961 madaktari wawili wa Marekani, Robert Petersdorf na Paul Beeson, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 100 wenye homa ambayo chanzo chake kilikuwa kimewashinda waganga. Waliweka masharti matatu: joto liwe limepita nyuzi 38.3 mara kadhaa, homa iwe imedumu zaidi ya wiki tatu, na mgonjwa awe amechunguzwa hospitalini wiki nzima bila jibu. Kati ya 100, wagonjwa 36 walikutwa na maambukizi na 19 walikuwa na saratani. Somo hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya udaktari, Muhimbili na Makerere zikiwemo, na ni somo zuri. Lakini sharti la tatu lilikuwa na maana gani kwa mganga wa zahanati ya Nachingwea mwaka huo wa uhuru? Wiki ya uchunguzi kwa vipimo gani? Kwa kipimo chake homa zote hazikujulikana chanzo, tena tangu siku ya kwanza.

Alichokuwa nacho mganga huyo ni klorokwini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa hii ilienea kila mahali. Ilikuwa ya bei ndogo, salama kwa mtoto, na ilifanya kazi kwa siku tatu. Zahanati za vijijini zilipoongezeka katika miaka ya 1970 nyingi hazikuwa na hadubini wala mtu wa kuitumia. Malaria kali huweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili. Ukiweka hayo pamoja, amri ya kutibu kila homa kama malaria ilikuwa ya busara, na siungi mkono wanaoicheka leo. Watoto wengi walipona kwa sababu mganga hakusubiri. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliiingiza rasmi katika mwongozo wa matibabu ya watoto: palipo na malaria nyingi, mtoto mwenye homa apewe dawa ya malaria.

Gharama yake ilijificha. Kwanza ilibadilisha lugha ya wagonjwa. Neno malaria likawa jina la kujisikia vibaya. Mtu alisema malaria imempanda kama anavyosema amechoka. Waliobahatika kupimwa walitoka maabara wakihesabu wadudu, huyu ana malaria mbili, yule tatu, na ambaye hakukutwa na mdudu aliambiwa wamejificha. Pili, iliwaziba macho waganga kwa kilichokuwa kikiwaua wagonjwa kimyakimya. Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipoanza kuotesha damu ya watu wazima waliolazwa, waliwakuta wenye VVU wakifa kwa bakteria ndani ya damu, hasa salmonela na wale wa nimonia. Kilifi, kwenye hospitali ya wilaya, uoteshaji wa damu za watoto uliofanywa 1998 hadi 2002 ulionyesha kwamba angalau robo ya vifo vya watoto waliolazwa viliambatana na bakteria hao.

Klorokwini yenyewe ilianza kushindwa. Usugu ulithibitishwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kenya iliiacha mwaka 1998 na Tanzania 2001, zote zikihamia dawa nyingine iitwayo SP, nayo SP haikudumu. Mwaka 2006 dawa mseto iliingia katika vituo vya nchi zote mbili, na hapo ndipo hesabu zilipobadilika. Dawa mseto iligharimu mara nyingi zaidi ya klorokwini. Kuigawa kwa kila mwenye joto lilikuwa jambo ambalo hazina haikuliweza, na wahisani hawakulitaka. Naamini bei hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa vipimo, kuliko hoja yoyote ya kisayansi, kwa maana hoja za kisayansi zilikuwepo miaka ishirini kabla.

Hesabu za kutisha, 2004–2014

Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo ya mwaka mzima katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wametibiwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa upya kwa umakini, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, chini ya nusu. Tena waliokosa vimelea ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1, dhidi ya asilimia 6.9 ya wenye malaria kweli. Mtu alikuwa na hatari ndogo zaidi kama ana ugonjwa uliotajwa kwenye cheti chake.

Walikuwa na nini, basi? Jibu pana zaidi lilitoka Moshi, Kilimanjaro. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, kundi lililoongozwa na John Crump liliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari waliwaandikia malaria 528 kati yao, sawa na asilimia 60.7. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa kumi na wanne.

Kumi na wanne! Wengine 85 walikuwa na bakteria katika damu, 25 fangasi, 14 vimelea wa jamii ya kifua kikuu. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, 118, zaidi ya robo, walikuwa nayo: homa ya mgunda 40, homa za kupe 36, homa ya Q 24, brusela 16, na wawili typhus ya viroboto na chawa. Wengine 55 walikuwa na chikungunya. Katika orodha za magonjwa yaliyodhaniwa wakati wa kulazwa, hakuna hata daktari mmoja aliyeandika ugonjwa wowote wa wanyama wala kirusi kinachobebwa na mbu. Wilaya ile imejaa ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Maziwa mabichi hunywewa, mbuzi huzalishwa kwa mikono mitupu, panya huhudhuria kila ghala la mahindi na kila jaruba la mpunga. Mbuzi wa Zammit alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba muda wote.

Kwa watoto wasiolazwa, picha kamili ilitolewa mwaka 2014 na Valérie D'Acremont na wenzake, waliochunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi vya mafua vinavyopona vyenyewe. Malaria ilikuwa asilimia 10.5, homa ya matumbo 3.7. Waliobaki bila chanzo kujulikana ni asilimia 3.2 tu. Yaani homa zetu hazikuwa na siri kubwa, hazikuwa zimetafutwa.

Malaria nayo ilikuwa imepungua kweli. Vyandarua, dawa mseto na unyunyizaji viliishusha, na kiwango cha kitaifa cha watoto wenye malaria chini ya miaka mitano Tanzania kilitoka asilimia 18 mwaka 2007–08 hadi 7 mwaka 2017. Kadiri ilivyopungua, ndivyo zile zilizokuwa zimejificha nyuma yake zilivyobaki uwanjani.

Kipimo cha haraka na ugonjwa mpya wa mazoea

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilifuta amri ya zamani: asipewe mtu dawa ya malaria kabla ya kipimo. Kilichowezesha hilo ni kipimo cha haraka, mRDT, kinachotaka tone la damu na dakika kumi na tano, bila umeme wala hadubini. Kilisambazwa hadi zahanati za mwisho wa barabara, na redio zikaimba kwamba sio kila homa ni malaria.

Waganga hawakuamini mara moja. Utafiti wa 2007 kaskazini mashariki mwa Tanzania ulikuwa umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliopimwa na kukutwa hawana walipewa dawa ya malaria hata hivyo. Imani ilikuja polepole, na ilipokuja ikazaa tatizo jipya. Kipimo kilisema mgonjwa hana nini. Hakikusema ana nini. Mama amesafiri saa mbili na mtoto mgongoni, hawezi kurudishwa mikono mitupu. Akapewa antibiotiki. Uchambuzi wa 2017 uliokusanya wagonjwa zaidi ya laki tano kutoka nchi kadhaa, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulikuta antibiotiki zikiandikwa kwa asilimia 69 ya waliokosa malaria, ukilinganisha na 40 ya waliokuwa nayo. Klorokwini ya zamani ilikuwa imepata mrithi, na mrithi huyu ana hatari kuliko yeye, kwa sababu usugu wa bakteria hauishii kwenye ugonjwa mmoja.

Ndipo tukapata majina yanayokwenda mawili mawili. Uliza mtu yeyote wa mjini aliyepita kwenye maabara ya mtaani: ana taifodi na UTI, na wakati mwingine malaria kidogo juu yake. Taifodi hiyo, yaani homa ya matumbo, mara nyingi hutoka kwenye kipimo cha Widal, kilekile cha 1896. Kipimo hiki huchanganya majimaji ya damu na bakteria waliouawa, kisha hutazama kama wanagandana. Wakigandana, damu ina askari wa kupambana nao. Lakini askari hao hubaki baada ya vita iliyopita, na wengine huitikia adui anayefanana naye tu. Katika mji ambao maji ya bomba hayaaminiki, watu wengi wanao. Njia ya uhakika ni kuotesha damu, nayo hutaka chupa maalumu, joto lisilokatika, mtaalamu na siku kadhaa za kusubiri. Hospitali zinazoweza hilo kila siku bado ni chache, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo kwa maneno ya kufariji.

Ruangwa 2022, Bukoba 2023

Julai 2022 kituo cha afya huko Ruangwa, mkoani Lindi, kilipokea wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vikatoka safi. Kwa siku kadhaa nchi ilizungumza juu ya ugonjwa usiojulikana. Wizara ilipotangaza jibu, wagonjwa walikuwa 20 na waliofariki watatu: homa ya mgunda, inayoenezwa hasa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine kwenye maji na udongo. Ugonjwa uleule ambao watu 40 walikutwa nao Moshi miaka kumi na minne kabla. Haukuwa mgeni hata kidogo. Mgeni alikuwa uamuzi wa kupima.

Machi 2023 habari ilitoka Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko: watu saba, homa, kutapika, kutokwa damu, figo kushindwa, watano wamekufa. Tangazo la kwanza lilitolewa tarehe 16. Tarehe 21 maabara ya taifa ilikuwa imethibitisha Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya Tanzania. Mlipuko ulizimwa ukiwa na wagonjwa tisa na vifo sita, wakiwemo wahudumu wa afya, na Juni 2 ukatangazwa kwisha. Januari 2025 ulirudi Kagera, upande wa Biharamulo.

Ukilinganisha na Unguja, ambako jibu lilichukua karne nzima, siku tano ni muda mfupi mno. Lakini haraka hiyo ilipatikana kwa sababu watu walikufa kwa pamoja na kwa namna ya kutisha. Mkulima mmoja wa Kilosa mwenye homa ya wiki mbili, asiyetokwa damu wala kuambukiza jirani, hatumiwi timu kutoka Dodoma. Kwake chombo kilicho karibu zaidi ni maswali, na maswali hayahitaji umeme.

Kwa hiyo ukipimwa malaria ukaambiwa huna, usidai sindano na usinunue antibiotiki dukani. Mweleze mganga unakunywa maziwa gani, kama umezalisha mbuzi au kuchinja mnyama mgonjwa, kama unalima mpunga, kama panya wamejaa ghalani, umelala wapi safarini, na nani nyumbani ameugua kabla yako. Homa ikipita siku tatu rudi, na ikipita wiki omba rufaa ya hospitali inayootesha damu. Usipoulizwa mambo hayo, yaseme mwenyewe.